Mwaka Niliposhukiwa Kuuza Maneno

Tulimzika Mzee Singano kwao Mlola, asubuhi ya ukungu mzito kiasi kwamba kwaya ilisikika kabla haijaonekana. Baada ya mazishi tuligawiwa makande na chai ya tangawizi, nikajikuta benchi moja na dada Mwanaidi, aliyekuwa amepanda kutoka Tanga tangu alfajiri na kujifunika khanga mbili juu ya sweta, mtu wa pwani ambaye hakuwahi kuizoea baridi ya milimani. Hatukuwa tumeonana tangu nilipoacha kazi katika ofisi ya marehemu. Tuliulizana habari za watoto, habari za magoti, habari za barabara. Kisha akapuliza chai yake na kusema, bila kunitazama, "Unajua, Yunisi, mwaka ule mimi nilikuwa na hakika ni wewe."

"Hakika kabisa?"

"Kabisa, mdogo wangu. Nilikuwa nafunga droo nikienda msalani."

Tukacheka, na akina mama waliokuwa wakiosha sahani wakatugeukia, maana msibani watu hawacheki hivyo. Lakini kicheko changu kilikuwa na kitu kigumu ndani yake. Siku hizi nina ofisi yangu, nimethamini majumba ya watu kutoka Mazinde mpaka Bulwa, na bado mtu akinyamaza ghafla ninapoingia chumbani, moyo wangu hurudi mwaka ule.

Ofisi ya Mzee Singano ilikuwa Lushoto mjini, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo mchana kutwa tulinusa rangi na kusikia mabati yakishushwa. Chumba cha mbele kilikuwa na meza yangu na ya dada Mwanaidi, chumba cha nyuma kilikuwa cha Mzee, na katikati, nyuma ya ukuta wa plaiwudi, palikuwa na jiko dogo la gesi ambapo tulipasha chakula. Plaiwudi ile haikuzuia chochote. Mtu akikoroga sukari upande wa jikoni, upande wa pili ungejua amekoroga mara ngapi. Nilifika pale nimetoka chuo, na nilitakiwa kufanya kazi chini ya uangalizi wa mthamini aliyesajiliwa, ili mwishoni athibitishe kwa sahihi yake kwamba naijua kazi na kwamba mimi ni mwaminifu. Bila sahihi ya Mzee, cheti changu kingebaki karatasi ya kutundika ukutani kwa mama.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye sweta chini ya koti hata jua likiwaka, na alimshuku kila mtu kwa heshima kubwa. Mwenye nyumba aliyepaka rangi jana yake alimshuku. Aliyetuwahi na chai kabla hatujatoa tepu ya kupimia alimshuku zaidi. "Shikamoo mama, ahsante kwa chai," angesema, kisha aninong'oneze mlangoni, "Chumba cha kushoto hajatufungulia. Kuna nini?" Alinifundisha kunusa unyevu nyuma ya kabati, kupitisha kiganja ukutani nikitafuta ufa uliozibwa, kuuliza jirani kabla ya kumuuliza mwenyewe. Kazi yetu, alisema, ni kutoamini mpaka mkono uguse. Benki zilitaka ripoti za Kiingereza, naye aliziandika, lakini mwishoni mwa kila ripoti aliongeza ukurasa mmoja wa Kiswahili, kwa ubishi tu, akisema mwenye nyumba ana haki ya kujua nyumba yake imesemwaje. Katika ukurasa huo alikuwa na maneno yake. Nyumba iliyojengwa vizuri kwenye mteremko, msingi imara, maji ya mvua yamepewa njia, aliiandikia hivi: "Nyumba imekaa vema, haigombani na mlima." Sikuwahi kuyaona maneno hayo kwa mthamini mwingine.

Mwaka ulikuwa mchanga bado pale benki iliyokuwa mteja wetu mkubwa ilipotuletea programu ya akili mnemba. Tulielezwa kwamba sasa tutakwenda kwenye nyumba, tupige picha kwa simu, tuingize vipimo, na thamani itatoka yenyewe, pamoja na rasimu ya ripoti. Sisi tutahakiki na kugonga muhuri. Dada Mwanaidi alirudi kutoka kwenye kikao hicho, akavua viatu chini ya meza na kusema, "Haya. Nimesoma miaka yote ile nije kuwa mpiga picha za pasipoti za nyumba." Mzee aliipokea simu ya kazi kwa ncha za vidole, akaigeuza nyuma, akatazama tundu la kamera, kisha akaiweka mezani kifudifudi.

Nyumba ya kwanza tuliyoipima kwa mtindo huo ilikuwa ya Mwalimu Hoza, mama mstaafu wa huko Mlola aliyetaka mkopo wa kununua mashine ya kusaga. Alitupokea vizuri, lakini nilipoinua simu akasimama mlangoni pa chumba chake cha kulala.

"Hiyo inaniona mpaka ndani?"

"Inaona nyumba tu, Mwalimu," nilimwambia.

"Na picha zinakwenda wapi?"

Nilimtazama Mzee. Mzee alitazama dari. "Zinakwenda makao makuu ya benki," nikasema.

"Kwa nani huko?" Hakuondoka mlangoni mpaka Mzee alipomsemesha kwa Kishambaa, taratibu, maneno ambayo sikuyasikia yote. Njiani kurudi, gari likikata kona za kule juu, Mzee aliniambia thamani aliyoifikia kichwani mwake. Rasimu ya programu ilipofika, thamani yake ilikuwa karibu kabisa na ya Mzee. Ingekosea tungecheka, tungeagiza soda, tungesimuliana wiki nzima. Ilikuwa imepatia, na haikuwa imegusa ukuta hata mmoja.

Kisha Mzee akafika ukurasa wa mwisho, maana programu nayo ilikuwa imeandika ukurasa wa Kiswahili. Akausoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akausoma tena.

"Nani kaandika hii?"

"Imetoka kwenye programu, Mzee," akajibu dada Mwanaidi.

"Isome."

Dada Mwanaidi akasoma kwa sauti: nyumba imekaa vema, haigombani na mlima.

Mtu aliyeibiwa kuku huangalia banda, huangalia uzio, halafu huangalia majirani. Mzee alituangalia sisi. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, kama anayeuliza saa, nani kati yetu amekuwa akitoa ripoti zake nje. Tulikataa wote wawili, kwa pamoja, na nadhani kule kujibu kwa pamoja kulitufanya tuonekane tumepanga. Tangu siku hiyo mlango wa chumba chake ulifungwa kwa ufunguo hata akishuka tu kununua gazeti.

Chakula cha mchana ndicho kilichonionyesha nimesimama wapi. Zamani tulikula pamoja jikoni, tumesimama, kila mmoja na hotpoti yake, dada Mwanaidi akinigawia samaki wake wa kutoka kwao nami nikimpa viazi vya mama. Sasa Mzee alikula chumbani kwake, na dada Mwanaidi alikuwa na simu za kupokea kila nilipofungua hotpoti. Siku moja nilikuwa nasuuza kijiko nikawasikia nyuma ya plaiwudi.

"Mimi simnyooshei mtu kidole," dada Mwanaidi alikuwa akisema. "Ila mtoto wa chuo yule, simu haimtoki mkononi. Anapiga picha hata mahali ambapo hatukutumwa."

"Chuoni alikuwa na marafiki wa mambo ya kompyuta," Mzee akasema.

"Umeona, eh."

Maji yaliendelea kutiririka juu ya kijiko. Nilitaka kuingia niseme napiga picha za madirisha ya zamani kwa sababu nayapenda. Sikuingia. Niliona kwamba hata ukweli huo, ukisemwa na mtu anayeshukiwa, ungenuka. Nami nikaanza kufanya walichofanya wao. Nikakumbuka kwamba dada Mwanaidi ana binamu katika tawi la benki Tanga. Nikakumbuka pochi mpya aliyokuja nayo baada ya Idi. Nililala nikiipima pochi ile. Siku ya mazishi, kwenye benchi lile, nilimuuliza alikoipata. Alifikiri kwanza, kisha akasema mume wake alimnunulia baada ya ugomvi, na ugomvi wenyewe hakuukumbuka.

Haukupita muda Mzee akaniita ndani, akafunga mlango na kuongea kwa upole ambao nilikuwa nimeukosa. Akasema kuanzia sasa, nikieleza paa zuri katika ukurasa wa Kiswahili, niandike: "Paa limelala vizuri." Nisimwambie mtu, kwa sababu kila mthamini anapaswa kuwa na mtindo wake. Nilitoka nikiwa na furaha ya kijinga. Nilidhani amenisamehe kosa ambalo sikulitenda. Niliandika maneno yale katika kila ripoti, na nilikuwa naandika nyingi, maana mimi ndiye niliyekuwa mdogo na nyumba za mbali zote zilikuwa zangu. Sikujua kwamba alikuwa amemwita pia dada Mwanaidi, kwa upole uleule, akampa maneno yake: "Paa limetulia."

Mvua za masika zilikuwa zimekwisha pale ilipokuja rasimu ya nyumba moja ya Lukozi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuikanyaga. Benki ilitaka tuigongee muhuri kwa picha tu. Mzee aliniita. Rasimu ilikuwa mezani, na kidole chake kilikuwa tayari mahali pake.

"Soma hapo."

Nikasoma. Paa limelala vizuri.

"Maneno hayo," akasema, "nilimpa mtu mmoja tu."

Nilikumbuka siku aliponipa, mlango uliofungwa, upole. Nilielewa yote kwa pamoja. "Mzee, ulinitega."

"Nilipima."

"Sijampa mtu yeyote kitu chochote. Nakuapia."

"Mwenye nyumba yenye ufa naye huapa, Yunisi." Hakulisema kwa hasira. Ndicho kilichoniumiza. Alilisema kwa sauti ileile aliyotumia kunifundishia. Kisha akaniambia kwamba hatanifukuza, kwa kuwa hana cha kupeleka mbele ya watu, lakini kuhusu ile sahihi nisimtegemee. Nitafute mwingine wa kuniangalia, tangu mwanzo.

Sikumwambia mama. Niliendelea kwenda kazini kwa sababu nilihisi nikikaa nyumbani nitakuwa nimekiri. Nilikula ngazini, kati ya ofisi na duka, wauza rangi wakipita na makopo na kuniambia karibu, nami nikijibu ahsante kana kwamba mtu kula ngazini ni jambo la kawaida. Kila neno nililoandika nililiangalia mara mbili. Niliwaza labda kweli ni mimi, labda simu yangu inasikiliza, labda kuna kitufe nilikibonyeza. Ni jambo la ajabu mtu kujishuku mwenyewe. Unaanza kutembea kama mtu anayefuatwa, na anayekufuata ni wewe.

Mwishoni mwa mwaka, matunda ya plamsi yalipojaa sokoni, makao makuu yalimtuma kijana aliyeitwa Daudi aje kuona jinsi programu inavyofanya kazi milimani. Alikuwa mchangamfu, mwenye viatu vyeupe ambavyo tope la Lushoto lilivimaliza siku hiyohiyo. Alimwamkia Mzee vizuri, akatuletea rasimu mpya za kuhakiki, na wakati wa chakula hakujua kwamba sisi hatuli pamoja, akaburuta viti vyote jikoni. Ikabidi tukae. Dada Mwanaidi akapakua makande. Mzee alikuwa akipitia rasimu huku akimenya plamsi kwa kisu, kwa kuwa hakupenda ganda, na nikaona kisu kimesimama.

Katika rasimu ya kwanza paa lilikuwa limetulia. Dada Mwanaidi alikuwa amekaa karibu, akaliona, akaweka kijiko chini, maana naye alielewa wakati huohuo jinsi alivyotegwa. Lakini Mzee hakumtazama. Alikuwa ameshageuza kwenye rasimu ya pili.

"Paa halina maneno," akasoma, polepole. Akamtazama Daudi. "Hili nimeliandika mimi. Peke yangu, chumbani mwangu. Sikumwambia hata mke wangu. Mmelipata wapi?"

Daudi akafikiri anasifiwa. "Kwenye ripoti zenu, Mzee! Si mnatuletea? Kila ripoti inayoingia benki, programu inasoma. Zenu ndizo tunazipenda kuliko zote, zina maelezo. Tulianza na zile za zamani, tukaziingiza zote." Akachukua plamsi. "Ninyi ndio walimu wake, hamjui?"

"Nani aliwapa ruhusa?"

"Iko kwenye mkataba, Mzee. Ule wa mwanzo, mlipoanza na benki. Ripoti ikishapokelewa ni mali yetu."

Chini mtu alikuwa anakata bati, na sauti ile ilipanda mpaka kwenye meno. Niliona Mzee akihesabu, si kwa vidole, kwa macho, kila nyumba aliyowahi kuigusa kwa kiganja, kila ukurasa alioupeleka benki mwenyewe katika bahasha yenye muhuri wake. Hakuna aliyemuuza. Kama dada Mwanaidi alikuwa mwizi, na mimi mwizi, basi mwizi mkubwa kuliko sote alikuwa yeye. Maneno yangu yalitangulia kutokea kwa sababu moja tu, kwamba niliandika ripoti nyingi kuliko wote.

Nilingoja aniite. Nilikuwa nimeyapanga hata majibu, la ukarimu na la ukali. Hakuniita. Alichofanya ni kuacha kuandika. Yaani aliandika, lakini kurasa zake za Kiswahili zikawa: Kuta nzuri. Paa zuri. Msingi mzuri. Akatuagiza nasi tufanye hivyo, tusiipe mashine hata neno moja la kwetu. Tukawa wathamini watatu tunaojitahidi kuandika vibaya. Mwalimu Hoza alikuja siku moja na nakala ya ripoti, maana nyumba yake ilikuwa imepimwa upya, akaiweka mbele ya Mzee na kumuuliza nyumba yake imepata ugonjwa gani, mbona safari hii haina sifa. Mzee alimwambia nyumba ni ileile. "Basi ni wewe umebadilika," Mwalimu akasema, akabeba karatasi yake.

Kabla ya Krismasi Daudi alinipigia simu. Makao makuu walitaka mtu wa kukaa Dar es Salaam, kusoma rasimu za programu na kuirekebisha lugha, na jina langu ndilo lililotajwa. Nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa Mzee, kwa sababu sikutaka alisikie nyuma ya plaiwudi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, tabasamu la kwanza kwa miezi.

"Kumbe sikukosea," akasema. "Niliwahi tu."

"Sijakubali, Mzee."

"Utakubali?"

"Nikikataa, nikabaki hapa, utaniamini tena?"

Ningependa kuandika kwamba alisema ndiyo, na watoto wangu nikiwasimulia huwa wanatarajia hivyo. Alisema, "Hapana, mwanangu. Nikijaribu, nitakuwa nakudanganya. Sasa nikiingia humu asubuhi naangalia kama karatasi zimesogea. Najua hamkunikosea. Na bado naangalia."

Nilimshukuru. Nilikuwa namaanisha. Nilimpigia Daudi nikakataa kazi yake, sikutaka kukaa miaka nikikifundisha lugha ya Mzee kitu kilichoinywa bila kuomba. Kisha nikaiacha na ofisi pia, kwa sababu sikutaka kila asubuhi kutazamwa kama ukuta unaodhaniwa una ufa. Nilishuka Mombo kwa shangazi yangu, nikapata kibarua na watu waliokuwa wakipima mipaka ya viwanja vya kijiji. Huko chini kuna joto, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikula mezani pamoja na watu.

Nilikuwa nimeanza kutafuta mthamini mwingine wa kuniangalia upya pale simu ilipolia. "Uko wapi?" Mzee akauliza, bila salamu, yeye aliyekuwa mkali wa salamu kuliko wote. Nikamwamkia, nikamwambia niko Mombo. "Usiondoke," akasema. Mchana huo alishuka kwenye basi, sweta na koti katika joto lile, tukaingia hoteli ya karibu na stendi na kuagiza chai na chapati. Alitoa bahasha kwenye mfuko wa ndani. Ilikuwa ile karatasi ya uthibitisho, imejazwa yote kwa mkono wake, na sahihi yake chini.

"Mzee, ungempa kondakta."

"Kondakta simjui."

"Au ungepiga picha ukanitumia."

Alinitazama kama niliyemtukana, na sote wawili karibu tucheke. Kisha nikaanza kusoma. Alikuwa ameandika kwamba nimefanya kazi chini yake, kwamba naijua kazi, kwamba mimi ni mwaminifu. Nilirudi kwenye neno hilo, nikalipita, nikarudi tena. Nilisoma kila mstari polepole, nikitafuta neno lisilo mahali pake, neno alilonipa mimi tu, lenye kazi nyingine chini yake. Sikuwa nimekusudia. Macho yalikwenda yenyewe.

"Unatafuta nini?" akauliza.

"Sitafuti kitu, Mzee."

"Unatafuta." Hakukasirika. Alisogeza sahani ya chapati pembeni ili karatasi ipate nafasi, akageuka kutazama barabara. "Tafuta tu. Basi la kupanda halijafika."

Nikasoma mpaka chini, kisha nikaanza tena kutoka juu, naye akaningoja.